Sifuri Niliyoiandika Kulamawe

Nilipata kibarua cha kuhoji watu nyumba kwa nyumba huko Kulamawe. Ofisi iliyonituma ilitaka kujua kama maskini ni maskini kwa bahati mbaya au kwa uvivu, kwa hivyo fomu iliuliza mapato ya mtu, halafu masaa anayofanya kazi kwa wiki.

Mama mmoja alinikaribisha kivulini na kunipa chai ya maziwa kabla hata ya kuniuliza nimetumwa na nani. Nilipomuuliza masaa yake ya kazi, alicheka.

"Mimi sina kazi, mwanangu. Nakaa tu nyumbani."

Nikaandika sifuri.

Nilijua vizuri alichomaanisha. Kwetu, kazi ni ya mtu wa mshahara. Kuchunga mbuzi, kutafuta kuni na kubeba maji ni maisha tu. Mama yangu mzazi angejibu vivyo hivyo. Lakini nilikuwa na nyumba zingine za kumaliza, nikafungua ukurasa mwingine. Upuuzi wangu mtupu!

Ripoti ilipotoka, ilisema watu kama yeye wameachwa nyuma kimapato na makarani wa mjini kwa sababu hawajitumi.

Mpaka leo, nikiinua kikombe cha chai hapa Isiolo, namwona. Siku ile nikiaga, nilimuuliza kisima kiko wapi. Akanyoosha mkono kuelekea kilima cha mbali kabisa.

"Nilitoka alfajiri, nikarudi adhuhuri. Hiyo chai yako ndiyo ya kwanza kupikwa na hayo maji."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu.