Binti wa Kiapo wa Ustadhi Bahgat

Ukitaka kumjua Inshirah, mtazame dukani akinunua kitambaa. Haangalii rangi wala haulizi bei. Anakishika, anakipitishia kiganja, na muuzaji anaanza kujitetea kabla hajashtakiwa. Wauza vitambaa wa mji wa Mahalla, kule Misri, walimfahamu, na wengine wakimwona anakuja walikumbuka ghafla kwamba ni saa ya kuswali.

Kiganja hicho alikipata kazini. Kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mataulo, na taulo halikaguliwi kwa macho peke yake. Hulazwa mezani, likapitishiwa viganja polepole kutoka pindo hadi pindo, na penye uzi uliochomoka mkono hujua kabla ya jicho. Alianzia kwenye mashine za kufuma, akapanda hadi meza ile ya karibu na dirisha, na akaipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mumewe Shauki, mwoka mikate, alikuwa akisema kwamba kiwanda kikiungua Inshirah ataiokoa meza kwanza, kisha atauliza kama mume yupo.

Halafu akaletwa msimamizi mpya, Ustadhi Bahgat, maana huko kila bwana wa ofisi huitwa ustadhi. Huyu alikuwa mtu wa manukato mazito na masharubu yaliyopakwa rangi, tasbihi mkononi, na ulimi ambao sijui nani aliwahi kumdanganya kwamba ni mtamu. Alikuwa akizunguka kati ya meza na kumwachia kila mwanamke neno lake, kama mtu anayegawa peremende. La Inshirah lilihusu mikono.

"Ningekuwa mimi ndilo hilo taulo," alisema, amesimama nyuma yake, "ningeomba unikague kutwa."

Wenzake walicheka kile kicheko cha kazini, meno yanacheka na tumbo halimo. Inshirah naye alicheka siku ya kwanza, na hilo lilimuudhi kuliko maneno yenyewe. Siku ya pili lilikuja lingine. "Shauki jana alilala, au ulimkagua mpaka asubuhi?" Ya tatu lingine tena, na yote yalianzia kwenye mikono na kushukia pale unapopajua.

Ikafika mahali akaionea haya mikono yake mwenyewe. Akisikia manukato yanakaribia, anaacha kutumia kiganja, analigusa taulo kwa ncha za vidole, haraka haraka, kama linaunguza. Mataulo mabovu yakaanza kupita. Mzigo mzima ukarudishwa na mteja, na msimamizi aliyelalamika kwamba kazi ya Inshirah imeporomoka alikuwa nani? Bahgat huyo huyo. Ndipo Inshirah alipokwenda kushtaki.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, wote wanaume, chini ya Ustadhi Fakhri wa utumishi.

"Alikugusa?" Fakhri aliuliza.

"Hapana."

"Alikutaka mkutane mahali?"

"Hapana. Anasema maneno."

"Maneno tu. Sasa dada yangu, tukishtaki maneno, nani atabaki Mahalla hii?"

"Sheria inataja na maneno, Ustadhi."

"Hiyo ni ya wahuni wa barabarani. Humu ndani sisi ni familia."

Bahgat alipopewa nafasi alisimama, akaweka tasbihi kifuani. "Wallahi," alisema, "na nyinyi ni mashahidi wangu, huyu ni sawa na binti yangu. Mbele ya Mungu, mimi ni baba yake."

Wale watatu wakahema kwa raha, mambo yamekwisha. Wakaamua kwamba ule ulikuwa mzaha wa baba kwa mwanawe, na kwamba, kwa ajili ya utulivu wake, kuanzia Jumamosi Inshirah angehamia idara ya rangi. Huko kuna mvuke na harufu inayokaa kwenye nywele wiki nzima. Kwa utulivu wake, eti. Alirudi nyumbani hana hata machozi, ana hasira tu.

Mama mkwe wake, Bi Hajja Tafida, alikuwa akichambua mchele. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Aliapa? Mbele ya watu?"

"Aliapa, mama."

"Kwamba yeye ni baba yako." Bi Hajja aliweka sinia chini. "Na sikukuu ya nisfu Shaaban ni Ijumaa hii."

Hapo lazima niseme kwamba Bi Hajja alikuwa na donda la zamani. Tangu baba yake Inshirah afariki, nyumba ile haikuwahi kuletewa kikapu cha msimu, kile ambacho wazazi humpelekea binti yao aliyeolewa kila sikukuu. Majirani wote, sikukuu ikikaribia, walipandiwa ngazi na wakwe wao wakibeba bata na matunda ya binti yao aliyeolewa, na yeye alibaki kusikilizia harufu ukutani. Kaka yake Inshirah alikuwa Kuwait na alituma salamu. Salamu hazipikwi.

Kesho yake Bi Hajja alivaa gauni lake jeusi la heshima, akaenda moja kwa moja hadi kwa mke wa Bahgat, Bi Kariman. Alimkumbatia mlangoni. "Hongera, tumekuwa wakwe," alimwambia. "Mumeo ameapa mbele ya kamati nzima kwamba mkwe wangu ni mwanawe. Nimekuja kukujulisha tu, usije ukasemwa kwamba binti yenu mlimsahau nisfu Shaaban."

Bi Kariman alizaliwa shamba, na huko mtu akiapa undugu ameapa. Hakuuliza ilikuwaje mumewe akafika kwenye kamati. Aliuliza wanapenda bata wa kuchoma au wa kuchemsha. Na kuliko kusemwa na watu wa Mahalla kuhusu kikapu, heri afe.

Ijumaa, baada ya swala, mtaa mzima ulimwona Ustadhi Bahgat akipanda ngazi za kina Inshirah na kikapu kichwani, kwa sababu kilikuwa kizito na mkewe alikataza kisiburutwe. Bata wawili, chungu cha wali wa maziwa, machungwa. Nyuma yake Bi Kariman, na nyuma kabisa binti yao wa kumzaa, Nirmin, aliyekuwa akifanya kazi benki. Bahgat aliketi ukingoni mwa kiti, manukato yote yamegeuka jasho.

Sasa, kikapu kikishatuliwa, mama wa binti huwa na swali lake. Ndiyo maana ya kikapu chenyewe. Bi Kariman alimshika Inshirah mkono.

"Haya mwanangu, tuambie sisi watu wako. Unatunzwa? Kuna mtu anakuudhi?"

Shauki alikohoa. Inshirah alikuwa amejiandaa kunyamaza, Mungu ni shahidi. Lakini ni muda gani tangu aulizwe hivyo na mtu anayesubiri jibu?

"Hapa nyumbani hakuna," alisema. "Kazini yupo mmoja." Akayataja yote, la taulo, la usiku wa Shauki, na mengine, bila kutaja jina, akimtazama Bi Kariman tu.

"Mshenzi," alisema Bi Kariman. "Hana mama huyo? Na baba yako huyu hapa, yuko kiwanda hicho hicho, hujamwambia?"

Wote wakamgeukia Bahgat. Alikuwa akitazama bata.

"Ni maneno tu, mama," Nirmin alisema kutoka pembeni. Sauti yake haikuwa ya kutetea mtu. "Hata mkuu wangu pale benki ni maneno tu. Anasema mimi ni kama binti yake. Kisha anasema na mengine."

Bahgat aliruka kitini. "Nani? Amekwambia nini? Nitamvunja miguu."

Nirmin alimtazama babake, akamtazama Inshirah, akarudi kwa babake, na Bi Kariman akayafuata macho ya mwanawe njia nzima, kwenda na kurudi. Akauachia mkono wa Inshirah taratibu.

"Bahgat," alisema. "Mpigie Fakhri."

"Leo Ijumaa, watu wanakula."

"Mpigie."

Alipiga akiwa amesimama, uso ukutani. "Fakhri. Yule dada wa ukaguzi... aliyoyasema ni kweli. Niliyasema. Siumwi, nakwambia niliyasema. Hapana, haukuwa mzaha." Alijifuta shingo. "Abaki mezani kwake. Mimi nipelekeni mnakotaka."

Bi Kariman alitangulia kushuka bila kumngojea mumewe. Kikapu alikiacha. Bi Hajja, ambaye hakupoteza hamu ya kula hata kidogo, alikuwa tayari amekwishakata paja la bata.

Nirmin alibaki kwenye ngazi, mkoba kifuani.

"Dada," alimwambia Inshirah, "ulipokuwa ukiwaambia wale wa kamati, sauti ilikutetemeka?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

Msichana aliketi kwenye kipandio. Inshirah akaketi kando yake, akamwekea kiganja mgongoni.

"Basi anza na mimi," alisema.