Shingo ya Njiwa

Juzi sokoni Makambako niliona kitambaa cha bitana kinachogeuka: ukikiinua ni kijani, ukikishusha ni zambarau. Nikamwambia muuzaji, "Nipimie hiyo shingo ya njiwa." Akacheka. "Mama, shingo za ndege ziko kule kwa wauza kuku!"

Hakukosea. Neno hilo lilikuwa la nyumbani kwetu tu, Kitandililo. Mama alifuga njiwa kwenye kizimba cha mianzi nyuma ya jiko. Wewe mwenzangu unaijua baridi yetu ya Juni. Jua lilipoanza kuivunja, mama alimkamata njiwa mmoja na kumgeuza polepole, tuone rangi zikikimbizana shingoni. Basi kila kilichometameta hivyo kikawa shingo ya njiwa: povu la sabuni, mafuta ya lori kwenye dimbwi, hata bawa la nzi. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeziona kabla yetu sote.

Baba alitangulia, mama akafuata. Siku ya kumaliza msiba wazee waliketi kugawa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi. Nguo zilipokwisha, wakatugawa sisi. Baba mkubwa alimtaka mdogo wangu akachunge ng'ombe Mawengi. Shangazi akanyoosha mikono kwa kitindamimba aliyekuwa mgongoni mwangu.

"Huyu habanduki," nilisema.

"Utamlisha nini, we binti? Madaftari?"

"Nitalima."

Wakacheka, midomo ikiwa bado na mafuta ya njiwa wetu, maana walichinjwa wote siku ile kuwa mboga ya wageni. Kitindamimba nilibaki naye. Mdogo wangu alivutwa mkono hadi barabarani, akilia jina langu.

Sikurudi shule. Nililima viazi mashambani kwa watu, na kitindamimba akakua akitaja ndege ambao hakuwakumbuka. Kila nilipokwenda Mawengi, baba mkubwa alinijibu, "Yuko malishoni."

Mwaka huu mdogo wangu alikuja mwenyewe, mtu mzima, kofia mkononi. Pikipiki iliyomleta ilidondosha mafuta kwenye dimbwi la mlangoni.

"Kaka, shingo ya njiwa!" kitindamimba akapiga kelele.

Alilitazama dimbwi, akatutazama sisi. "Njiwa gani?" aliuliza kwa adabu.

Kizimba kimeoza, jiko limebomoka, hayo ningeyavumilia. Lakini aliyelijua neno lile kuliko sisi sote alikuwa pale, mzima wa afya, akinywa chai yangu kwenye kiti cha wageni.