Niliyefika Ukweni kwa Mapipa Manne

Ukifika Garsen ukamuuliza mzee yeyote habari za mtu aliyekwenda ukweni na sufuria, atacheka kwanza, kisha atakuelekeza nyumbani kwangu. Afadhali niseme mwenyewe, maana wenzangu huongeza chumvi (wengine wanasema nilikuja nimepanda kiboko, na hiyo si kweli, kiboko nilimwona tu).

Ilikuwa miaka ya hamsini, daraja bado, lori zinavushwa kwa feri ya kuvutwa na mikono kwenye kamba ya chuma. Mimi nilikaa Wema, juu kidogo ya mto uleule, kijana mwenye mke, mtoto mmoja, Yona, na akili nyingi kuliko zilizohitajika. Mwaka uliotangulia panya na fukusi walitumalizia mahindi darini, Yona akalala njaa siku tatu, nami nikaapa kwamba halitatokea tena. Hapo sikukosea. Nilikosea siku nilipokwenda Garsen, nikayaona dukani kwa Msomali mmoja, Hassan, mapipa manne ya chuma, yale ya mafuta, yameoshwa, yana vifuniko vya kukaza. Nikavua kofia. Nikagonga moja, likalia kama kengele ya kanisa, nikajiuliza, panya wa wapi atakayetoboa hili?

Hassan hakutaka ndizi wala mikeka. Alitaka mtumbwi wa kuvushia ngozi zake, nami nilikuwa nao, mzuri, wa mti mmoja, aliuchonga marehemu baba. Nikampa. (Ndiyo, Mpokomo mzima, mzaliwa wa mtoni, nikauza mtumbwi, ngojeni mcheke baadaye.) Kwa furaha akaniongezea shoka, taa ya chemni, na sufuria moja kubwa ya kupikia harusi, inang'aa mpaka unahesabu ndevu zako. Vyote nikavipeleka nyumbani kwa mtumbwi uleule, safari mbili, kisha nikaurudisha kwa mwenyewe na kutembea kwa miguu.

Raheli, mke wangu, aliyazunguka yale mapipa, akasema, "Baba Yona, mtu wa mto hauzi miguu yake."

Nikamjibu kwamba mtumbwi hauliwi.

Tukajaza mahindi, mpunga na kunde, kavu kabisa, nikakaza vifuniko na kuziba kingo kwa nta ya nyuki hata pumzi isipite. Kwa kuogopa wezi nikayalaza uani bega kwa bega, nikayafunga yote manne pamoja kwa kamba nene, juu yake nikafungia shoka, taa na sufuria. Watu walikuja kutazama. Pipa moja lilihitaji wanaume wanne kulisogeza, na jirani yangu Buya alipouliza mafuriko yakija itakuwaje, nilicheka nikamwambia, kitu kizito hivi kitakwenda wapi?

Mwezi wa nne mama mkwe wangu, aliyekaa chini ya mto kando ya kivuko cha Garsen, akatuma mtu. "Mwambieni Baba Yona maji ya mwaka huu yananitisha. Alete mtumbwi atuhamishie mpunga." Ningesema nini? Nikarudisha jibu kwamba nina homa.

Maji yalifika alfajiri ya Jumanne, hayakupiga kelele, yaliingia tu kama mgeni aliyezoea nyumba. Buya akaja na mtumbwi wake kuwachukua Raheli na Yona kuwapeleka kwenye mwinuko wa kanisa, akaniambia nipande. Nikakataa. Chakula cha mwanangu cha mwaka mzima kiko hapa, nikakikalia, nimevaa shuka peke yake, kiberiti nimekifungia ndani ya shati nikampa Raheli.

Maji yakafika magotini, kisha pipa la kwanza likatikisika, la pili likaitikia, na yote manne yakanyanyuka nami juu yake, polepole, kama mama anavyomwinua mtoto aliyelala. Yale yale yaliyowatoa jasho wanaume wanne, mto uliyachukua kama vibuyu. Uzio ukapita, jiko la jirani likapita, na tawi la mkwaju likanishika shuka likabaki nayo. Sikuthubutu kuruka kuifuata kwa sababu ya mamba. Nikafungua sufuria nikaiweka mapajani.

Nawaambia ukweli, kwa muda nilisahau aibu. Mto haukuwa na kingo. Mashamba yote yalikuwa bahari, migomba imezama mpaka shingoni, kiboko akainua kichwa akanitazama bila haraka, na mimi, niliyezaliwa juu ya maji yale, nikaona kwamba sikuwa nimepata kuyajua. Nilistaajabu mpaka nikaacha kuogopa. Nilisema "Bwana wangu" mara nyingi, wala sikuwa nikiomba kitu.

Kisha nikaona kamba ya feri.

Feri ilikuwa imefungwa siku mbili, na juu ya tuta la barabara walijaa madereva, wachungaji wa Kiorma na ng'ombe wao, na kijiji kizima cha mama mkwe kilichokimbia maji. Mapipa yakagota kwenye ile kamba, yakasimama, katikati ya mto, mbele ya wote. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama mkwe akajipenyeza mbele. Kwetu mama mkwe humtazami hata akila, sembuse hivyo. Aliponiona akageuka mara moja akanipa mgongo, na wanawake wote wakageuka mmoja mmoja, tuta zima likawa migongo.

"Ni nani huyo mtoni?" akauliza, akiwa amegeuka.

"Ni mkwe wako, mama," dereva mmoja akamjibu.

"Muulizeni kama homa imepoa."

Nikaikaza sufuria mapajani. Akafungua leso yake ya mabegani, akaipitisha nyuma bila kugeuza kichwa, na mtu wa Hassan akaniletea kwa mtumbwi. Ulikuwa mtumbwi wa baba.

Nilipofika nchi kavu, nimejifunga leso ya maua na mapipa yakivutwa nyuma ya mtumbwi, mama mkwe akauliza, bado amenipa mgongo, "Na hayo mapipa yana nini?"

"Chakula, mama."

Watoto pale walikuwa hawajala tangu juzi, mpunga wao ulikuwa chini ya maji, ule niliotakiwa niuhamishe. Ndipo mama mkwe akapaza sauti watu wote wasikie: "Mimi nilimwomba mkwe wangu mtumbwi. Yeye ameona hautoshi, ametuletea ghala."

Wakaanza kunishukuru. Wazee wa Kiorma walinishika mkono. Ningeweza kusema ni cha Yona, lakini yule mama alikuwa amenivika nguo mara mbili siku ile, nami nikachukua shoka nikabandua kifuniko. Mahindi yalikuwa makavu kama nilivyoyaweka. Watu wakatia mikono ndani mpaka viwikoni, mto umejaa kote, na humu hata tone. Yakapikwa kwa sufuria ileile (niliisugua kwa mchanga mimi mwenyewe, mara tatu).

Baada ya siku nane nilirudi Wema kwa mtumbwi wa kuazima, na pipa moja. Yona alikuwa amenenepa kwa samaki wa Buya.

Sufuria nilimwachia mama mkwe, na habari ile hakuitaja kamwe, hata kwa mwanawe. Ila kila mavuno, mpaka alipofariki, alituletea sufuria ile imejaa mpunga mpya, imefunikwa kwa leso ya maua na kufungwa mafundo mawili, na Raheli akiipokea hucheka mpaka anakaa chini. Mimi nilichonga mtumbwi mwingine. Uko pale nje, umeoza upande mmoja, na aliyeutaka wiki iliyopita nilimwambia siuzi.