Kigoda cha Mama Pale Getini

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na kwa ubishi sijaona wa kumshinda. Kila Alhamisi alibeba mbaazi kutoka Kalamba hadi stesheni, na kabla ya kufika ilibidi avuke reli. Mlinzi wa geti la hapo alikuwa baba yangu mzazi.

Miaka hiyo ya sabini geti liliharibika. Baba akizungusha chuma chake, boriti ya upande mmoja ilishuka, ya pili ikakwama juu. Tuliahidiwa fundi hadi tukachoka kuahidiwa. Baba akawa anasimama upande uliokwama na bendera nyekundu, na madereva wanamzunguka tu. Aliyewaongoza ni mkwe wake.

Siku moja alivuka treni ikiwa karibu sana hivi kwamba baba alitupa bendera akakimbia. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Nilimwambia mume wangu sitaki kulea mtoto na picha ya ukutani.

"Hiyo treni naijua. Lazima ipunguze pale kwa kona," akajibu, akaomba chai. Kwa hasira niliimwaga chai yote nje, nikaenda kwa mama.

Nilimweleza mama yote. Alhamisi iliyofuata alichukua kigoda na kiondo alichokuwa akisuka, akaketi katikati ya barabara, upande ule uliokwama. Kwetu Ukambani mwanamume hampiti mama mkwe wake hivi hivi. Akimwona njiani anapisha na kuangalia kando. Heshima hiyo tunaiita nthoni, na hata mbishi wangu aliiogopa.

Lori lilikuja mbio, likaipuuza bendera ya baba, kisha breki zikalia. Mume wangu alizima injini, akaruka chini, akajificha nyuma ya lori hadi behewa la mwisho likapita. Mama aliendelea kusuka. Mimi nilicheka hadi mtoto akanipiga teke tumboni.

Mama aliketi pale kila Alhamisi mpaka fundi alipokuja, kisha akarudi shambani kwake.

Miaka mingi baadaye nilipanda lori na mume wangu. Kufika relini, geti lilikuwa wazi na treni haikuwepo, lakini alisimama, akachungulia huku na huku. Nikamwuliza anatafuta nini.

"Naangalia kama mama yako yuko," akasema.

Tulikuwa tumemzika mama miaka mitatu kabla ya siku hiyo.