Kivinjari cha Lourdivina

Lourdivina Gallego, fundi wa sare za shule kule Molo, Iloilo, nchini Ufilipino, hakupenda mambo yake yazungumzwe. Aliposhika mimba ya kwanza alimwambia mumewe Renante peke yake. Maswali mengine aliiuliza simu: dawa ya kichefuchefu, samaki wa kuepuka, namna ya kulala. Mimba ilipoharibika, aliiuliza simu hiyohiyo damu itakata lini.

Simu haikumwonea huruma. Ilizidi kumletea matangazo ya nepi na vitanda vya watoto. Kwa kuwa aliwahi kufungua akaunti yake kwenye kompyuta ya sebuleni, yakatokea na huko, na mama mkwe wake, Nanay Consing, yaani Mama Consing, akayaona alipokuwa akitafuta mapishi. Mama wa watu akafurahi. Jumapili baada ya misa akawaeleza majirani, nao wakaja na sufuria ya supu.

"Mwanangu, habari njema hivi unatuficha?" Nanay Consing alisema, akimwekea mkono tumboni.

Lourdivina aliuondoa ule mkono. "Hakuna kitu humo, Nanay. Kilishatoka."

Majirani waliaga mmojammoja, bila kugusa supu yao.

Walipobaki wawili, Renante akajaribu kumpoza. "Ni matangazo tu, mke wangu. Kwani una nini cha kuficha?"

"Kama wewe huna, vua suruali usimame dirishani."

"Sasa hayo ni maneno gani?"

"Ndiyo hayohayo uliyoniambia."

Alikaa na simu yake akatafuta kivinjari kingine, kisichomfuata mtu kila ukurasa anaofungua. Cha kwanza kilijisifu kwa herufi kubwa kwamba kinalinda siri. Hakijamaliza kujisifu kikataka barua pepe yake na majina yote ya simuni. "Mnafiki," akasema, akakifuta. Cha pili kiliziba matangazo ya wengine kikaleta ya kwake. Akakifuta nacho. Cha tatu hakikumuuliza jina. Kilizuia wanaofuatilia watu mtandaoni, na ukikifunga kinasahau ulikopita. Ukurasa aliokuwa akichukulia mitindo ya sare ukagoma kufunguka humo mpaka akubali kufuatiliwa. Akautukana, akatafuta mitindo kwingine.

Kisha alikwenda sebuleni kuondoa akaunti yake kwenye kompyuta. Nanay Consing alikuwa amesimama mlangoni.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi nilidhani ni heri."

"Sina hasira na wewe, Nanay."

"Na nani, basi?"

Lourdivina akaondoa akaunti yake. Aliyemfuata mtandaoni angekuwa mtu, angemwendea nyumbani kwake akamsema mbele ya watoto wake. Hakumjua jina wala sura, na hilo lilimchoma kuliko yote.

"Keti," akamwambia mama mkwe wake. "Nikuwekee kivinjari hiki na wewe."

Nanay Consing akaketi. Renante alikataa, akabaki na chake cha zamani. Na tangu siku hiyo mkewe hajawahi kuigusa simu ya mumewe, hata ikiita.