Ugonjwa wa gari la Mwalimu Athmani

Muyeye nzima yajua kwamba mimi hutambua ugonjwa wa gari kwa sikio, na aliyewaambia ni mimi mwenyewe. Basi nisikieni leo.

Mwalimu Athmani aliniletea gari lake la mwaka wa sitini na tano, lililotimiza miaka ishirini na bado hulisemesha kama mwanawe. Likipita shimoni au likishika breki, mbele kushoto hulia ngo, ngo. Nikasema ni bushi. Nikazibadilisha, likalia. Nikasema ni breki. Nikazifungua, nikazisafisha, nikazifunga, likalia. Ajabu ni kwamba nikilipandisha jeki na kulitikisa gurudumu, kimya.

Kila tulipolijaribu hadi Gede, Mwalimu aliendesha nami nikaketi kando yake, sikio dirishani, miguu nimeikunja nisije nikakanyaga furushi la leso lililokuwa sakafuni. Furushi la mke wa mtu haliguswi.

Wiki ya pili Bi Zuhura, mkewe Mwalimu, akaja mwenyewe gereji.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, fundi. Gari halijapona?"

"Bado. Lina ugonjwa mzito."

Akainama, akalivuta furushi lake. Likalia ngo. Mafundi wenzangu wote wakaacha kazi wakanitazama. Akaifungua leso: kinu cha shaba na mchi wake.

"Hiki cha mwanangu aliyeolewa Mambrui," akasema kwa upole. "Kimo humu wiki mbili, twangoja ulitengeneze gari tumpelekee."