Mama Muhogo, Mwoka Hostia

Chumba alimozaliwa, mwezi Juni mwaka 1931, kilikuwa nyuma ya duka la mikate la baba yake, na ukuta wake mmoja ulikuwa wa moto mwaka mzima kwa sababu ya tanuri. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini waamini wanamkumbuka kwa jina la utani, Mama Muhogo, alilopewa kwa kejeli na ambalo leo hutajwa kwa heshima. Kabla hajajua kusoma, baba yake alimfundisha kutambua unga kwa ulimi: unatia chembe chache kinywani, unatafuna taratibu. Wa ngano unavutika na kunata menoni. Mwingine unayeyuka na kupotea.

Aliolewa, akafiwa na mume mapema, na mwaka 1961 paroko akamkabidhi kazi ya kuoka hostia, mikate myembamba ya Komunyo, kwa ajili ya parokia na vigango vyake saba, makanisa madogo ya pembeni. Kazi yenyewe ni ndogo kwa macho: unga wa ngano na maji, basi, bila chumvi wala hamira, uji mwepesi unaomiminwa kati ya mabamba mawili ya chuma cha moto, kisha kukatwa duara kwa duara. Lakini Kanisa halina mzaha na unga huo. Pasipo mkate wa ngano padri anaweza kusema maneno yote ya mageuzo, ya kugeuza mkate kuwa Mwili wa Kristo, na altareni kusiwe na mageuzo yoyote. Mama huyu alilielewa hilo kuliko wasomi wengi, na kila asubuhi alitafuna chembe zake kabla ya kukoroga.

Kwaresima ya mwaka 1968 ngano iliadimika. Mwenye mashine ya kusaga, ili awatosheleze wateja wake, alichanganya unga wa muhogo karibu nusu kwa nusu, asimwambie mtu. Wiki hiyo mama alikuwa na mafua mazito, ulimi hauonji kitu. Angeweza kumwita mdogo wake aonje. Hakumwita, aliona haya kukiri kwamba ulimi wake umemtupa, akaoka hostia elfu nne kwa mazoea. Jumatano Kuu mafua yakamwachia. Aliokota pindo lililobaki kwenye ukataji, akalitafuna, likayeyuka kama muhogo. Visanduku vya hostia vilikwisha kwenda vigangoni, na Jumapili ya Matawi watu walikwisha kuzipokea.

Mdogo wake, aliyeishi naye, alimsihi anyamaze. Mungu anajua nia, alisema, na akitangaza atapoteza kazi na jina.

“Dada, nani ataonja?”

“Watu wanapiga magoti, mdogo wangu,” alijibu. “Wanapiga magoti mbele ya muhogo.”

Alikwenda kwa paroko, tena ofisini, si kwenye kiti cha maungamo, kwa sababu alitaka neno lake liweze kutoka nje. Paroko akapendekeza amtaje mwenye mashine peke yake.

“Yeye aliuza unga, Baba,” mama alisema. “Mimi ndiye niliyesema ni mkate.”

Kesho yake, Alhamisi Kuu, kosa na mwenye kosa vilitangazwa kanisani. Wengine walilia, wengine walicheka, na jina la Mama Muhogo lilizaliwa kabla watu hawajafika barabarani. Ngano safi iliyopatikana ilikuwa vikombe viwili tu, naye alikuwa ameioka asubuhi hiyo. Hostia zilivunjwavunjwa, kila mtu akapata chembe isiyozidi punje ya mtama, na paroko akawaeleza kwamba Kristo yu mzima katika chembe kama alivyo mzima katika hostia nzima. Wapo wanaodai bakuli la hostia lilirudi na vipande vingi kuliko vilivyotoka. Mwandishi huyu hakumpata aliyehesabu.

Halmashauri ya parokia ilimvua kazi. Kwa miaka ishirini na sita alifua vitambaa vya altare, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mrithi wake kutafuna unga. Hakujifanya kwamba haikumuuma. Ilimuuma, na mdogo wake alisikia habari hiyo mara nyingi kuliko alivyopenda.

Mwaka 1994 saratani ya koo ilimlaza. Hata mate yalikuwa hayapiti. Padri alileta mafuta ya wagonjwa, akasema kwa masikitiko kwamba Komunyo haitawezekana. Mgonjwa akainua kidole, akamwonyesha ncha ya ukucha. Padri alielewa; akavunja chembe ndogo kama zile za Alhamisi Kuu ya zamani, akaiweka ulimini kwa kijiko cha maji. Ulimi ulicheza taratibu, kama ulivyocheza kila asubuhi mbele ya unga. Mdogo wake aliinama, akidhani anapaliwa.

“Ni Yeye,” mama alisema.

Hakusema neno jingine hadi alipofariki siku ya pili.

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na huenda halitamtangaza. Ila katika parokia ile mwoka hostia hutafuna unga kwanza hadi leo, na anayetaka kumuiga mama huyu hana haja ya kujua kuoka. Akiwa na mafua, aseme ana mafua.